Anatoka gereza la Kamiti wiki 3 zijazo, yuko kwenye dawa za TB na ARV. Tutayarishe nini?

Mhudumu_Kayole ameuliza:

Hamjambo wadau. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Kayole. Kwenye nyumba ninazotembelea kuna mama ambaye kijana wake anatoka Kamiti baada ya wiki 3 (maelezo ya kumtambulisha nimeyabadilisha). Alifungwa miaka 9, akapunguziwa theluthi kwa mwenendo mzuri, kwa hiyo ametumikia 6. Yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB na anameza ARV. Kabla ya kufungwa alikuwa akijidunga heroini. Atafikia chumba kimoja cha mabati chenye mama, dada yake na mtoto wa dada, miaka 3. Kitambulisho hakuna ajuaye kiko wapi. Mama anasema afadhali aende Kitui kwa wajomba apumzike kwanza. Nianze na lipi, na watu huteleza wapi?

Deski_ya_Kifua:

Anza na barua ya uhamisho, mengine yafuate. Akitoka Ijumaa mchana na vidonge vya siku 3 mfukoni bila barua, Jumatatu kliniki inamuuliza alianza lini, yuko awamu gani, na yeye hajui. Hapo ndipo dawa hukatika.

Mwombeni afisa wa kliniki ya gereza aiandike sasa, si asubuhi ya kutoka. Iwe na tarehe ya kuanza dawa, uzito, majibu ya GeneXpert (kipimo cha TB cha mashine) na ya makohozi ya mwezi wa pili, namba yake ya CCC (kliniki ya VVU), aina ya ARV na kiwango cha mwisho cha virusi. Kituo kitajwe kwa jina, tuseme Kayole II, na mtu wa huko apigiwe simu kabla. Barua iliyoandikwa "kituo chochote cha karibu" haina anayemsubiri.

Mwezi wa tatu maana yake amemaliza miezi 2 ya dawa nne (RHZE) na ameingia miezi 4 ya dawa mbili (RH; R ni rifampisini). Vidonge hufuata uzito: mtu wa kilo 55 hadi 70 humeza 4 kwa siku. Apimwe upya akifika, maana wengi hunenepa wakianza kupona na dozi inabaki ya zamani.

Sasa lile linalopita watu wengi. Rifampisini huishusha dolutegravir, moja ya ARV zake, kwenye damu, kwa hiyo anayetumia zote mbili humeza dolutegravir mg 50 mara mbili kwa siku: asubuhi ndani ya kidonge cha TLD (ARV tatu katika kidonge kimoja), na baada ya saa 12 kidonge cha pili cha dolutegravir peke yake. Hicho cha jioni kiko kwenye kopo tofauti, na ndicho husahaulika gerezani au kukosekana kwenye barua. Huendelea mpaka wiki 2 baada ya dawa za TB kuisha. Fungua mfuko wake uhesabu makopo, usitegemee maneno.

Waambie nyumbani kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu. Wasipoambiwa watadhani ni damu na kumwachisha dawa. Cha kumkimbiza kliniki ni macho ya manjano, kutapika kusikokoma au maumivu ya tumbo upande wa ini.

Kuhusu mtoto: kama makohozi ya mwezi wa pili yalikuwa safi na anameza dawa sawasawa, msianze kumtengea sahani wala kumhamisha mtoto. Fungueni dirisha. Nyumba nzima ichunguzwe, na mtoto kwa sababu yuko chini ya miaka 5 aangaliwe kama anahitaji dawa ya kinga.

Punguza_Madhara:

Mmeiruka heroini, na hiyo inaua haraka kuliko TB. Baada ya miaka 6 mwili umesahau kipimo. Akirudi kijiweni akachukua kile alichokuwa akichukua zamani, pumzi inakatika. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, ulikuta kwamba ndani ya wiki 2 za kwanza waliotoka jela walikuwa na hatari ya kufa mara 12.7 kuliko wakazi wengine, na kuzidisha dozi ndiko kulikoongoza. Hata kama ndani alikuwa akipata kidogo, haifiki kipimo cha mtaani.

Mwambie waziwazi, kabla hajatoka, na mama asikie pia. Usimhubirie. Mwambie: usitumie peke yako, na usirudie dozi ya zamani. Dalili ni kukoroma kama anayekabwa, midomo kugeuka buluu, mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kuitwa asiitike. Msaidieni pumzi, mlazeni ubavu, itisheni naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya heroini) na gari. Maziwa mdomoni, maji ya chumvi na ndoo ya maji baridi havirudishi mtu, na cha mdomoni kinaweza kumziba kabisa.

Kliniki za methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, ziko Mathari na Ngara. Kama hajarudia, hapewi methadoni kwa ajili ya kinga, ila aende aonane na mshauri ili mlango aujue. Akianzishwa, waambiwe siku hiyo hiyo kwamba anameza rifampisini, kwa sababu dawa hiyo huifanya methadoni iishe mwilini upesi. Mtu anaanza kutetemeka na kuharisha kwa arosto (mwili kudai dawa), anadhani kliniki inampunja, anarudi kijiweni. Dozi hupandishwa, kisha dawa za TB zikiisha hushushwa polepole. Hiyo ya kushusha pia husahaulika, na ni hatari.

Kaunta_ya_Karatasi:

Kitambulisho kitafuteni sehemu tatu kabla ya kuomba kipya: stoo ya mali za wafungwa gerezani, kituo cha polisi alichoshikwa, na mahakamani kama kilichukuliwa pamoja na vielelezo vya kesi. Mara nyingi kimelala kituoni kwenye bahasha. Kisipopatikana, chukueni abstrakti ya polisi (karatasi ya kuripoti kilichopotea), kisha Huduma Centre, ya Makadara iko karibu nanyi. Karatasi atakayopewa akisubiri msiikunje kwenye mfuko wa suruali, ifungieni kwenye plastiki.

Tarehe ya kutoka ithibitishwe na ofisi ya kumbukumbu ya gereza. Ile theluthi ni ya kuchumwa kwa kazi na nidhamu, na akikosea hupunguzwa. Familia huja langoni siku isiyo yake, na siku yenyewe anatoka peke yake bila nauli.

Pia nendeni kwa Idara ya Probesheni, ile sehemu ya baada ya kifungo. Ofisi zao hukaa karibu na mahakama, kwenu ni Makadara. Afisa anaweza kuja kuzungumza na familia na chifu kabla hajafika, hasa kama aliyekosewa anaishi mtaa huo huo. Hilo la mwisho mwulizeni mama kwa upole, kwa sababu likiwepo Kitui inaweza kuwa wazo zuri kwa sababu isiyo ya kupumzika.

Cheti cha maadili mema: ombi ni kwa eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), sh 1,050, na ile fomu ya alama za vidole ichapwe pande mbili za karatasi moja, la sivyo mnarudishwa. Msimlipe yeyote anayesema anafuta rekodi. Ni mwizi tu.

Fundi_Randa:

Kama alifanya mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) akiwa ndani, cheti hicho kisiachwe nyuma. Ukiwa na Grade III ya useremala, Gikomba au Kariobangi unaongea kama fundi, bila hicho unaanza kubeba mbao. Familia ikichanga pesa, nunueni vifaa badala ya kumpa taslimu: randa, msumeno, patasi mbili, nyundo, futi, bana mbili. Pesa mkononi wiki ya kwanza ina marafiki wengi.

Lakini msimkimbize kwenye mjengo kubeba zege, na vumbi la msasa si la mapafu yake kwa sasa. Aanze kupima na kuunganisha, nusu siku.

Mhudumu_Kayole:

Asanteni sana. Mawili yamebaki. SHA, bima ya afya ya serikali, je, atapata bila kitambulisho? Na Kitui nimwambie mama vipi?

Deski_ya_Kifua:

Dada, usajili wa SHA ni *147# na huhitaji namba ya kitambulisho. Namba anaweza kuwa nayo kichwani au kwenye karatasi za kesi hata kama kadi imepotea. Hata kama aliwahi kuwa NHIF, bima ya zamani, asajiliwe upya. Akishasajiliwa, matibabu ya kawaida ya zahanati na kituo cha afya hayalipiwi. Kulazwa ndiko kunataka mchango, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima, kuanzia sh 300 kwa mwezi. Dawa za TB na ARV ni bure, SHA iwepo isiwepo, kwa hiyo asingoje usajili ndipo aende.

Kitui mwambie mama hivi: aende, lakini barua iandikwe ya kituo cha Kitui tangu mwanzo, na wajomba wajue kwamba kuna kidonge cha jioni. Kisichofaa ni kuandikiwa Kayole halafu akakae kijijini wiki 5. Akikosa dawa miezi 2 mfululizo anahesabiwa amepotea, na akirudi hatuendelei tulipoachia, tunapima upya kama TB imekuwa sugu. Kama bado hawajaamua, aandikiwe Kayole, ameze mwezi mmodi hapa, kisha tumpe uhamisho wa kawaida na dawa za safari.