Mjadala: Vifo 21 kati ya wagonjwa 509. Je, korona ilituua kuliko wengine?

Fundi Saa: Wakuu, habari za jioni. Takwimu za mwisho za Tanzania kabla serikali haijanyamaza kuzitangaza zilitoka Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Ukigawanya unapata asilimia 4.1. Machi mwaka huohuo Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), alitaja vifo asilimia 3.4 ya wagonjwa walioripotiwa dunia nzima. Ina maana sisi tulikufa zaidi? Leteni hoja, matusi hapana.

Mtoto wa Pwani: Umekosea kwenye asili, mkuu, ile namba ya chini unayogawanyia. 509 ni waliopimwa tu. Aliyekohoa siku tatu akajifukiza nyumbani hayumo. Wakenya walipima damu ya wachangiaji katikati ya 2020, wakakuta kama mmoja kwa kila ishirini ana kinga ya korona. Hao ni mamilioni ukikisia kwa nchi nzima, na wizara yao ilikuwa imeandika maelfu machache. Asili ikikua, asilimia inaporomoka. Halafu wengi waliokufa ni wazee wa sukari na presha, wangeondoka tu.

Jembe la Mkono: Vipimo vyenyewe si ndivyo vilivyokuta papai na mbuzi wana korona? Rais Magufuli alisema mchana kweupe.

Mama Wawili: Mtoto wa Pwani, "wangeondoka tu"? Mama yangu alikuwa na sukari miaka kumi na nne. Anapika, analima bustani, anagombana na majirani kuhusu kuku. Februari 2021 akaanza kuhema kama aliyepanda mlima, siku ya tano tukamzika. Mtungi wa oksijeni tuliutafuta mji mzima. Sukari haikumfanyia hivyo miaka yote hiyo.

Mtoto wa Pwani: Pole dada. Nilizungumzia hesabu, sikumzungumzia mama.

Mama Wawili: Mama ndiye hesabu.

Nesi Mstaafu: Wanangu, fomu ya daktari ya sababu ya kifo ina mistari. Kwanza kilichoua moja kwa moja, chini yake kilichokianzisha, kisha pembeni maradhi mengine aliyokuwa nayo. Sukari ikiwa pembeni, haimfuti aliyeua.

Fundi Saa: Turudi kwenye mada. Kati ya wale 509, waliopona ni 183. Waliobaki walikuwa bado wagonjwa. Ukihesabu waliomaliza safari tu, 21 kwa 204, ni asilimia 10!

Jembe la Mkono: Sasa ni 4 au 10? Ndiyo maana mnapigwa na wenye takwimu.

Mtoto wa Pwani: Zote mbili hazifai. Tazama vifo vya ziada: mwaka wa korona walizikwa wangapi, miaka ya nyuma wangapi.

Nesi Mstaafu: Kwa daftari lipi, mwanangu? Kijijini watu wanazika, wanakaa matanga, wanarudi shamba. RITA, kwa wasajili wa vifo wa serikali, haendi mtu mpaka mirathi igombaniwe.

Jembe la Mkono: Kwa hiyo hamjui, na bado mnatisha watu.

Mama Wawili: Karatasi ya mama imeandikwa "nimonia". Hakupimwa. Fundi Saa, kwenye hesabu yako hayumo kwenye kiasi, namba ya juu, wala kwenye asili. Niambie unamweka wapi.

Fundi Saa: Dada, hilo sina jibu. Kuna mwingine humu aliyeandikiwa nimonia mwezi huo?

Bin Chanika: Mjomba. Wiki hiyohiyo.