Mrejesho: ile laptop niliyotaka kuiongeza RAM

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama laptop yangu mpya inaweza kutoka GB 8 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kuendeshea programu) hadi 16, mkaniambia niipeleke kwa fundi aifungue kwanza. Nimeipeleka Kariakoo.

Haiwezekani. RAM imechomelewa kwenye bodi, hakuna hata nafasi ya kuchomeka nyingine. Fundi alicheka: "Hii ukitaka 16, ungenunua ikiwa nayo tangu dukani." Betri nayo imegandishwa kwa gundi. Ile yangu ya 2012 betri nilikuwa naichomoa kwa vidole viwili! Matundu ni mawili tu ya USB-C, na projekta ya ofisini inataka HDMI, hivyo natembea na adapta kama mganga na mkoba wake.

Kilichopungua ni unene. Sijui nani aliomba.

Aliyenitajia Framework Laptop 13, asante. Ile unabadilisha RAM, betri na hata matundu mwenyewe, ila kuiagiza mpaka huku ni shughuli. Mimi naangalia Ulaya zaidi: kuanzia Februari 2027 sheria yao inataka betri za vifaa vya kubebeka mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe. Na watengenezaji huwa wanasikia wakibanwa. Apple waliondoa HDMI kwenye MacBook Pro 2016, wakairudisha 2021.

Kwa sasa navumilia, nafungua kurasa chache kwa wakati mmoja. Mwenye ThinkPad T480, laptop ya zamani kidogo ambayo RAM na betri bado zinabadilishika, anayetaka kubadilishana, aseme.