Sindano, kijiti, vidonge au kitanzi cha homoni: kipi hakivurugi sana kizazi?

MamaZuu: Habari zenu wapendwa. Nataka kuanza uzazi wa mpango nimebaki na hizo nne hapo juu. Shoga yangu yuko kwenye sindano haoni siku zake kabisa na kaambiwa damu inarundikana tumboni itamletea uvimbe. Ni kweli? Nyie mnaonaje?

Nesi_R: Dada damu hairundikani popote, na hayo maneno yanaumiza watu, wanaacha njia kwa woga wanapata mimba wasiyoipanga. Iko hivi, kila mwezi estrojeni inanenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, yai likitoka projesteroni inauandaa upokee mimba, mimba isipoingia homoni zinashuka utando unabomoka, ndo hedhi hiyo. Njia zote ulizotaja zina homoni ya jamii ya projesteroni inayouzuia usinenepe. Sasa kama hakijajengwa kitu, kitabomoka nini? Sindano ya miezi 3 ukifikisha mwaka karibu nusu ya wanawake hawaoni kabisa.

shuu_: Mbona mi niko na kijiti na nablidi hovyo? Leo matone kesho pakavu keshokutwa tena, pedi haitoki kwenye pochi 😩

Nesi_R: @shuu_ pole mpenzi, ni wembamba huohuo. Vimishipa vya damu kwenye utando mwembamba vinakuwa dhaifu vinavuja bila ratiba, na kijiti ndo kinaongoza kwa hilo. Wengi hutulia baada ya miezi ya mwanzo, sio wote. Rudi kliniki kuna dawa za kutuliza, usikimbilie kukitoa. Ila ukiwa ulishatulia muda mrefu halafu damu ikaanza ghafla, au inatoka baada ya tendo, nenda ukapimwe usisingizie kijiti.

Tausi: Mi nasimama na vidonge vya homoni mbili, estrojeni iliyomo inaushikilia utando kwa hiyo damu inakuja kwa mpangilio. Pakti ya 28 nyingi zina 21 vya dawa na 7 vya mwisho havina homoni, ukifika hapo homoni imekatika utando unaanguka, hiyo damu sio hedhi ya yai na ndo maana huwa nyepesi. Ukisahausahau utablidi katikati. Mwenye presha, anayevuta sigara na kapita miaka 35, au aliyetoka kujifungua ananyonyesha, hivi sio vyake.

mama_nasra: Kama unamwagika damu kama mimi zamani, mpaka nguo mbili na bado naloa na upungufu wa damu juu, chukua kitanzi cha homoni. Homoni inatoka humohumo ndani ya kizazi utando unakuwa mwembamba kwelikweli. Usichanganye na kile cha shaba jamani, kile hakina homoni na damu inaweza hata kuongezeka.

MamaZuu: Asanteni sana. Na nikitaka mtoto baada ya mwaka mmoja au miwili, huo utando unarudi?

Nesi_R: Unarudi. Ukiacha vidonge au ukitoa kijiti au kitanzi, yai linaweza kurudi ndani ya wiki chache tu. Sindano ndo inachelewa, wengine karibu mwaka mzima toka ile ya mwisho, dawa inaisha taratibu mwilini, kizazi hakijaharibika. Kwa mpango wako huo mi ningeiacha sindano, na hapo kwenye kijiti na kitanzi wingi wa damu yako ya kawaida ndo uamue. Inatoka nyingi au kidogo?