Naomba ushauri: mdogo wangu ana kesi ya mauaji

Habari zenu ndugu zangu. Niko Mbagala. Mdogo wangu yuko mahabusu kwa kesi ya mauaji, baada ya ugomvi wa usiku uliomuua kijana wa mtaa wa pili. Mama wa marehemu tunamfahamu, na msiba ule tulikaa wote.

Kinachoninyima usingizi ni yale maelezo ya polisi. Dogo anasema alisaini karatasi tatu bila kusomewa, hakuna ndugu wala wakili, mkono wa kulia umevimba. Saini yenyewe nimeiona, si mwandiko wake wa kawaida, imepinda kama ya mtoto.

Dhamana kwa mauaji hakuna. Kila tarehe tunaambiwa upelelezi haujakamilika, mama anarudi na hotpoti yake ya wali.

Akitiwa hatiani, jaji hana hiari, sheria inamlazimu kutamka kunyongwa. Najua Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2019 kuwa ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Najua pia Katiba, ibara ya 13(6), inasema mtu asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Lakini mtaani wameshamhukumu.

Naomba kujua: maelezo yale tunayapingaje kesi ikifika Mahakama Kuu? Nisubiri wakili wa bure wa kumtetea anayelipwa na serikali, au niuze kiwanja Chamazi nitafute wetu sasa hivi? Aliyepitia hili anieleze, tafadhali.