Mvumo katika amplifaya ya valvu ya mwaka 1966 na mikwaruzo katika pedali ya volyumu: nianzie wapi?

Mpiga solo, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninayo amplifaya ya gitaa ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) iliyotengenezwa Marekani mwaka 1966, yenye valvu mbili za 6V6 upande wa nguvu, ambayo marehemu mjomba wangu aliitumia miaka mingi katika muziki wa dansi kabla ya kuniachia. Inahitaji umeme wa volti 120, hivyo naiunganisha kupitia transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230.

Tatizo la kwanza ni mvumo mzito unaoanza mara valvu zinapopata moto, nao haupungui hata nikifunga volyumu yote. La pili ni mikwaruzo inayosikika kila ninapokanyaga pedali ya volyumu, ambayo nimeiweka baada ya pedali ya koresi, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi. Nimekwisha kuipulizia mafuta ya kulegeza kutu. Ilitulia siku mbili, kisha ikarudi vibaya zaidi. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe kila kitu ndani ya amplifaya, lakini moyo unasita, kwa kuwa ninaipenda sauti yake kama ilivyo.

Fundi wa redio na amplifaya, Mombasa

Ndugu yangu, umefanya vyema kusita. Kabla ya kushika bisibisi, tumia sikio, kwa sababu mvumo una noti yake. Umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC, unaokwenda upande mmoja tu) ndani ya amplifaya hubakiwa na mawimbi madogo ya mara 100 kwa sekunde, ambayo kazi ya kapasita kubwa za kuchuja (vipande vinavyohifadhi umeme) ni kuyameza. Piga waya mnene wa gitaa kwenye fureti ya tatu, upate noti ya G. Ikiwa mvumo uko juu kidogo tu ya noti hiyo, hiyo ni 100, na mashaka yaangukie kapasita za kuchuja. Ikiwa uko oktava moja chini, hiyo ni 50, na hapo utazame nyaya zinazopasha valvu moto au namna vifaa vyako vilivyounganishwa na ardhi. (Maelezo mengi ya Wamarekani hutaja 120 na 60, kwa sababu umeme wao ni wa mara 60, usichanganyikiwe na noti zao.)

Kwa kuwa mvumo wako hausikii amri ya volyumu, chanzo kiko baada ya volyumu au katika njia ya umeme yenyewe. Ili uthibitishe, zima amplifaya, acha valvu zipoe, kisha itoe ile valvu ndogo iliyo jirani na zile mbili kubwa, yaani inayozigawia sauti, na uwashe tena. Mvumo ukibaki, valvu ndogo zote hazina hatia, na wanaobaki ni valvu za nguvu zisizolingana au kapasita za kuchuja. Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani yake ambayo hukauka kwa miaka, na zako, kama ni za asili, zimekaa humo karibu miaka 60. Hizo zibadilishwe bila huruma. Hazina sauti ya kuhifadhi. Vipande vingine visivyo na kasoro viachwe mahali pake.

Nakusihi jambo moja: usifungue bodi ya chuma yenye mitambo ya amplifaya peke yako. Kapasita hizo huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa plagi. Fundi anayejua kazi hii huzimaliza nguvu taratibu kupitia rezista, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Mpiga besi, Nairobi

Ningependa kuongeza kuhusu transfoma ya kushusha umeme. Nyingi zinazouzwa kwetu zina matundu mawili tu upande wa kutolea umeme, kwa hiyo waya wa ardhi hukatikia hapo hata kama plagi ya ukutani ina miguu mitatu. Amplifaya za Marekani za miaka ya 1960 nazo mara nyingi zilitoka na plagi ya miguu miwili, zikiwa na kapasita ndogo iliyounganisha njia ya umeme na bodi ya chuma. Kapasita hiyo ikishoti, bodi yote na nyaya za gitaa hupata umeme, na mwimbaji anayegusa maikrofoni kwa midomo ndiye atakayejua. Mwambie fundi aiondoe na afunge waya wa miguu mitatu. Hili lifanyike kabla ya mvumo wenyewe.

Fundi wa redio na amplifaya, Mombasa

Nakubaliana naye kabisa. Sasa nirudi kwenye pedali, kwa sababu nadhani inalaumiwa kwa kosa la mwenzake. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye pedali ya volyumu, na pedali kwenye amplifaya, bila ile ya koresi. Mikwaruzo ikiisha, pedali ya volyumu ni nzima: kinachotokea ni kwamba kapasita ya mwisho ndani ya koresi inavujisha mkondo mnyoofu, na mkondo huo ukipita katika njia ya kaboni ya volyumu, kila hatua ya mguu hugeuka kuwa mkwaruzo. Pima kwa mita katika ncha ya waya unaotoka kwenye koresi; panapaswa kuwa sifuri. Mafuta uliyopulizia hayakuwa dawa, na yatakusanya vumbi. Yasafishe kwa dawa maalumu ya kusafishia volyumu na swichi.

Ukumbuke kanuni hiyo hiyo ukikuta volyumu ya amplifaya yenyewe inakwaruza hata baada ya kusafishwa. Kapasita iliyo kabla yake huzuia zaidi ya volti 100 kutoka kwenye valvu, na ikianza kuvuja hata volti moja, hakuna dawa ya kupuliza itakayosaidia.

Mpiga solo, Dar es Salaam

Nashukuru sana, wakuu. Mvumo uko juu kidogo ya G, na haukuondoka nilipotoa ile valvu. Kuhusu pedali, mikwaruzo ilitoweka mara tu nilipoiondoa koresi, na mita ilionyesha volti 0.4 mahali palipopaswa kuwa na sifuri. Sikuwahi kuishuku, kwa sababu yenyewe inalia vizuri kabisa. Jumamosi naipeleka amplifaya kwa fundi mwingine, na nimemwandikia orodha fupi: waya wa ardhi, ile kapasita ya bodi, na kapasita za kuchuja. Je, nimpelekee kichwa (amplifaya yenyewe) peke yake na kuacha spika nyumbani, maana boksi lake ni zito?

Fundi wa redio na amplifaya, Mombasa

Peleka na spika. Amplifaya ya valvu isiwashwe hata dakika moja bila spika. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na ya asili ya mwaka 1966 hutaipata dukani.