Vigingi, zege au matangi ya maji: hema kubwa la fremu mnalifunga na nini?

msimamizi_shughuli

Wakuu, habari za leo. Nina hema la fremu ya alumini la mita 15 kwa 30, lile lisilo na nguzo katikati, ukuta una kimo cha mita 3. Fremu ni saba, kwa hiyo miguu kumi na minne. Litasimama siku tatu kwenye kiwanja ambacho upande mmoja ni nyasi na upande wa pili ni lami. Wageni ni wengi, na nataka nilielewe jambo hili kabla lori halijafika.

Nimepewa ushauri wa kila aina. Wa kwanza anasema vigingi pande zote, lami itobolewe. Wa pili anasema vitalu vya zege kila mguu. Wa tatu anataka matangi ya maji ya lita 1,000 kwa kuwa yanakuja matupu na kuondoka matupu. Mwenye kiwanja naye anasema hema la fremu linasimama lenyewe, tunahangaika bure. Walioifanya kazi hii naomba mnilinganishie.

fundihema

Nianze na mwenye kiwanja, maana kauli yake ndiyo ya hatari kuliko zote. Ni kweli fremu husimama bila kamba. Hema la nguzo ukilegeza kamba linalala, la fremu halilali. Lakini hapo tunazungumzia siku tulivu. Turubai la ukubwa huo ni tanga, na alumini ni nyepesi. Upepo ukiingia chini ya paa, fremu nzima inaweza kunyanyuka au kusukumwa pembeni na kila kitu kilichofungwa juu yake, taa na spika zikiwemo.

Upande wa nyasi mimi ni mtu wa vigingi. Mguu wa hema la aina hii una kitako cha chuma chenye matundu, na vigingi hupita humo. Idadi, urefu na unene wake vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, havitoki kichwani mwa fundi. Mkikuta matundu manne na mkaletewa vigingi viwili kwa sababu "siku zote tunapiga viwili", simamisheni kazi.

Kisha ardhi yenyewe. Mfinyanzi mkavu uliokaza hushika vizuri. Mchanga mtupu au udongo wa kujazia haushiki. Na udongo uleule ukinyeshewa usiku kucha nguvu yake hushuka, kwa hiyo msiridhike na jinsi kigingi kilivyokuwa kigumu kuingia mchana wa jua. Njia ya kujua ni kukivuta. Pigeni kigingi cha majaribio pembeni, mkivute kwa winchi ya mkono kuelekea upande uleule ambao hema litakivuta, katikati muweke mizani ya kuning'iniza. Mtasoma kilo mnazopata. Kikianza kusogea kabla ya kufika kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, ongezeni urefu au idadi, au hameni kwenye mizigo, yaani vitalu vya zege au matangi.

Kabla ya nyundo ya kwanza, ulizeni nyaya za umeme na mabomba yamepita wapi chini. Hilo ni lazima, hata kama kiwanja kinaonekana kitupu.

mhandisi_miundo

Naongeza hesabu, maana watu wengi hukisia upepo kwa hisia. Msukumo wa upepo kwa kila mita ya mraba, kwa nyutoni, ni takriban 0.613 mara kasi mara kasi tena, kasi ikiwa kwa mita kwa sekunde. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, unatoa nyutoni 61. Wa mita 20 kwa sekunde, kilomita 72 kwa saa, unatoa 245. Kasi imeongezeka mara mbili, msukumo umeongezeka mara nne.

Ukuta wako mrefu ni mita 30 kwa 3, mita za mraba 90. Kwa upepo wa pili hapo juu unasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 2,250 hivi, na hapo sijagusa paa wala mvuto wa upande wa pili. Hii ni picha ya ukubwa wa jambo tu. Hesabu halali ni ya mtengenezaji, inayotaja kila mguu unanyanyuliwa kiasi gani na unasukumwa kiasi gani. Ulaya kiwango cha EN 13782 ndicho kinachoongoza mahema ya muda ya namna hii. Ukikodi hema, omba karatasi hizo. Asiyekuwa nazo hawezi kukuambia uzito unaohitajika, hata awe mzoefu vipi.

Na miguu haibebi sawa. Miguu ya fremu za mwisho, na ile iliyo kwenye vyumba (nafasi kati ya fremu mbili) vyenye nyaya za kukingama, zile zinazokatizana kuzuia fremu kuyumba, hupata nguvu tofauti na ya katikati. Kugawa mizigo sawa kwa sawa kwa miguu yote ni kosa ninaloliona mara nyingi.

kambanene

Mimi kazi yangu nyingi ni kwenye lami na sakafu za zege, kwa hiyo nizungumzie mizigo.

Watu husema "tumeweka tani moja kila mguu" wakadhani wamemaliza. Kitalu cha tani moja kikikaa juu ya lami kinazuia msukumo wa pembeni kwa msuguano tu. Tuchukue msuguano wa 0.4, yaani sehemu nne ya kumi ya uzito unaokandamiza chini: kinazuia kilo 400. Sasa upepo huohuo unainua mguu kwa kilo 500. Kitalu kimebaki na kilo 500 zinazokandamiza chini, na uwezo wake wa kuzuia kuteleza umeshuka hadi kilo 200. Hakijapaa, lakini kinatambaa, na mguu ukitambaa fremu inapinda. Kwenye nyasi mbichi au sakafu laini yenye maji, msuguano ni mdogo zaidi. Mpira wa kuzuia kuteleza chini ya kitalu unasaidia.

Kati ya zege na maji, mimi huchagua zege kila inapowezekana kufikisha kreni au foko (gari la kuinua mizigo). Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo, maji 1,000. Kitalu cha mita 1 kwa 1 chenye kimo cha sentimita 40 kinakaribia tani moja na kimelala chini. Uzito huohuo kwa maji ni tangi lenye kimo cha kufika kiunoni au zaidi, na mkanda unaolifunga kwenye mguu wa hema ukilivuta kutoka juu linaweza kupinduka kabla halijateleza.

Matangi si mabaya, ila yana masharti. Yajazwe hadi juu, maana tangi la nusu ni nusu ya uzito na maji hucheza ndani. Bomba la kutolea maji lifungwe na kulindwa, kwa sababu mtu akilifungua kwa kunawa mikono hutajua hadi asubuhi. Mkanda upite kwenye kizimba cha chuma kilichotengenezwa kubeba mzigo huo, usifungwe kwenye plastiki. Na jaribuni kufikiria muda wa kujaza matangi kumi na manne kwa bomba moja la bustani. Hema lisisimame likisubiri maji.

Mapipa ya lita 200 naomba tuyaache kwenye hema la ukubwa huu. Kilo 200 kwa mguu ni kujifariji.

fundihema

Nakubaliana na kambanene kuhusu zege, ila lami nayo hutobolewa. Kigingi kirefu hupita tabaka la lami kikashika ardhi iliyo chini, kisha tundu likazibwa baadaye. Ruhusa iandikwe. Msitegemee lami yenyewe kushika kitu, ni tabaka jembamba.

mama_mapambo

Samahani wakuu, mimi ni wa upande wa mapambo. Kila mara mafundi hunikataza kufungua kuta za upande mmoja wageni wakilalamikia joto. Je, ni usumbufu wao tu au kuna sababu?

mhandisi_miundo

Dada, wana haki kabisa, na umeuliza jambo ambalo wengi hulipuuza. Ukifungua upande unaopokea upepo na kufunga ule wa nyuma, upepo unaingia, unakosa pa kutokea, unasukuma paa kwa ndani huku ule wa juu unalivuta kwa nje. Nguvu hizo mbili zinajumlishana kwenye vigingi vilevile. Baadhi ya mahema yamehesabiwa kwa kuta zote zikiwa zimefungwa, na kuyaacha nusu wazi kunabadilisha hesabu. Fuateni kitabu kinavyosema kuhusu kuta, na joto mlitafutie njia nyingine.

Na kwa kuwa uko kwenye mapambo: vitambaa vya dari, maua ya kuning'inia na taa nzito vina uzito. Fremu ina kikomo cha kuning'iniza kwa kila boriti. Uliza kabla ya kufunga.

mpimaupepo

Mmezungumza nanga vizuri, lakini hema lililofungwa vizuri nalo lina kikomo. Mwaka 2015 huko Lancaster, New Hampshire, Marekani, hema la sarakasi lilianguka kwenye dhoruba na watu wawili wakafariki. Wachunguzi wa usalama kazini walilaumu uwekaji wa vigingi, na pia kupuuzwa kwa tahadhari za hali ya hewa. Yale mawili yalikwenda pamoja.

Kwa hiyo msimamizi, kitabu kitataja kasi ya upepo ambayo watu lazima watoke. Iandikeni ukutani mwa chumba cha uendeshaji. Wekeni kipima upepo kwenye kimo cha paa, mahali pasipozibwa na majengo, na msome dharuba, yaani upepo wa ghafla, si wastani wa dakika kumi. Mtu mmoja awe na mamlaka ya kutoa watu bila kumpigia simu mwenye shughuli kwanza. Watu watolewe kabla kikomo hakijafikiwa, na wajue wanakwenda wapi. Mkikosa jengo imara la kuwapeleka, amri itolewe mapema zaidi.

Mvua pia. Maji yakituama kwenye turubai lililolegea kwa kina cha sentimita 10, kila mita ya mraba ni kilo 100, na yanazidi kuvuta turubai yakijikusanya. Kazeni turubai kabla ya mvua.

msimamizi_shughuli

Nawashukuru sana. Nimeomba karatasi za mtengenezaji leo hii, na upande wa nyasi tutafanya jaribio la kuvuta. Upande wa lami naelekea kwenye zege. Je, kuna tatizo upande mmoja ukiwa wa vigingi na mwingine wa vitalu? Na mfuatano wa kusimamisha uweje?

kambanene

Kuchanganya kunawezekana mradi kila mguu utimize mzigo wake wenyewe. Tofauti ni kwamba kigingi kizuri hakisogei, kitalu huweza kuteleza kidogo. Hivyo msuguano wa upande wa vitalu uhesabiwe kwa ukali. Na mkanda utoke kwenye mguu au kitako kama kitabu kinavyoonyesha, msibuni pa kufungia.

fundihema

Mfuatano: pimeni pembe kwanza. Mistari miwili ya mshazari kutoka kona hadi kona ilingane, la sivyo mtapigana na papi (fito zinazounganisha fremu na fremu) na turubai siku nzima. Vitako vilazwe na vigingi vipigwe, upande wa zege vitalu viwe tayari mahali pake. Unganisheni fremu chini, inueni ya kwanza na ya pili, wekeni papi na nyaya za kukingama za chumba hicho mara moja. Fremu iliyosimama peke yake bila nyaya isiachwe hata mkienda kunywa chai. Zinazofuata zinaegemea chumba hicho.

Turubai huvutwa mwisho, kwa kamba, kupitia mifereji ya boriti, na siku ya upepo halivutwi, kwa sababu likiwa nusu ya njia halijakazwa na linapepea kwa nguvu zote. Waliopo juu wawe na mikanda ya usalama, walio chini wavae kofia ngumu na wasisimame chini ya boriti inayoinuliwa.

Baadaye zungukeni kila mguu. Pini zote zina klipu? Mikanda imelegea? Kigingi kimeinuka hata kidole kimoja? Wekeni alama ya rangi kwenye kigingi pale kinapogusa kitako, kikisogea mtaona mara moja. Mzunguko huo ufanyike asubuhi na jioni, na kila baada ya mvua. Siku ya kubomoa, turubai ndilo linalotoka kwanza, na vitalu haviguswi hadi fremu ya mwisho iwe imelala chini.