Hatshepsut alikuwa FARAO, acheni kumwandika kama binti aliyeachwa na mchumba

Wakuu nimekasirika na leo asije mtu kuniambia nitulie. Nimetoa hela yangu nikanunua riwaya ya Hatshepsut, jalada linajinadi kwamba ni kisa cha kweli, kurasa 400 na ushee. Ukurasa wa tatu tu kijakazi anamkatia malkia nyanya! Nyanya asili yake Amerika, Misri ya miaka ya 1470 KK zilifikaje? Haya, hilo ningelimeza kimya kimya.

Lakini mama katawala Misri zaidi ya miaka 20, kajichongesha kwenye sanamu na ndevu za kifarao kabisa, halafu humu ndani kazi yake kulia, akiamka Senenmut akilala Senenmut, na kwamba walikuwa wapenzi hakuna aliyewahi kuthibitisha, kinachojulikana ni kuwa alikuwa ofisa wake mkubwa na mlezi wa bintiye Neferure, basi.

Safari ya kibiashara aliyoituma nchi ya Punt imepewa nusu ukurasa. NUSU! Meli 5 zinashuka Bahari ya Shamu, zinakuta watu wanaishi kwenye nyumba za juu ya nguzo unapanda kwa ngazi, zinarudi na dhahabu na nyani na miti ya manemane iliyong'olewa na mizizi yake ikatiwa vikapuni ikaoteshwe Misri, na yote hayo yamechongwa kwenye kuta za hekalu lake pale Deir el-Bahari, yaani mwandishi hakuwa na haja hata ya kubuni, ukuta umeshamsimulia! Au ile nguzo yake kwenye hekalu la Karnak, jiwe moja la karibu mita 30, maandishi yake yanasema lilichongwa miezi 7 tu. Hebu fikiria presha waliyokuwa nayo wale wachonga mawe kule Aswan. Hiyo haitoshi riwaya?

Mwisho ndo kaniua kabisa, eti Thutmose III, mtoto wake wa kambo aliyebaki na kiti, anatoka mazishini moja kwa moja kwenda kufuta jina la Hatshepsut kwa hasira. Jamani! Kufutwa kulianza kama miaka 20 baada ya mama kufa, chuki gani inasubiri miaka 20? Wasomi wengi wanaona ilikuwa habari ya kiti cha ufalme, Thutmose kumsafishia njia mwanawe Amenhotep.

Mwenye riwaya ya Hatshepsut ambayo Punt imepewa walau sura tatu aitaje hapa. Za machozi sitaki.